Namna ya kupasua maana ya wimbo wa Kiswahili, hatua kwa hatua

Nyimbo zetu nyingi hazisemi na kila mtu kwa wakati mmoja. Husema na mmoja, wengine tukasikia. Mtunzi wa taarab wa Unguja, mwanamuziki wa dansi wa Dar es Salaam na kijana wa Bongo Fleva anayerekodi chumbani kwake, wote wamerithi desturi ileile ya kumfikishia mtu ujumbe bila kumtaja, ili akija juu aambiwe, "Nani kakutaja?" Ndiyo maana msikilizaji anayeanza kwa kuuliza "neno hili maana yake nini?" hupotea mapema. Swali la kwanza ni nani anamwambia nani, na kwa nini hawezi kumwambia waziwazi. Ukishalijibu hilo, mafumbo mengi hulegea yenyewe.

Nitatumia nyimbo chache ambazo karibu kila nyumba ya Afrika Mashariki inazijua, za zamani zaidi kuliko za sasa. Sababu ni kwamba wimbo uliokaa miaka thelathini au arobaini umeshapita katika midomo mingi, na tunaweza kuona waziwazi pale maana yake ilipobaki na pale ilipohama. Ukizoea kwa hizo, za mwaka huu hazitakushinda.

Hatua ya 1: Yaandike maneno kwa mkono wako

Usianze na maneno uliyoyakuta yamebandikwa mtandaoni. Mengi yameandikwa na watu waliosikia harakaharaka, au na programu isiyojua Kiswahili, na silabi moja ikikosewa maana yote inaenda kwingine. Chukua daftari. Sikiliza wimbo mzima mara ya kwanza bila kuandika chochote. Kisha rudi mwanzo, simamisha kila mwisho wa mshororo, andika ulichosikia. Pasiposikika weka nukta, usijaze kwa kukisia. Vaa hedifoni. Programu nyingi za video zina sehemu ya kupunguza kasi, na ukishusha hadi robo tatu ya kasi ya kawaida sauti inabaki ya kibinadamu huku maneno yakiachana. Ikiwezekana tafuta rekodi ya pili ya wimbo huohuo, hasa ya jukwaani, kwa sababu mwimbaji akiwa jukwaani hutamka tofauti na mara nyingine hufafanua kile alichokificha studio.

Kwa taarab na nyimbo za kale una msaada mwingine ambao watu wengi wanausahau: vina na mizani. Wimbo wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, unaojulikana kama *Kijiti* ni mfano mzuri. Siti na wenzake ndio waliokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili, na rekodi za zama zile zina mikwaruzo hata sikio zuri linasitasita. Ubeti wa kwanza una mishororo mitatu, na kila mshororo una vipande viwili. Hesabu silabi za kipande cha kwanza, "tazameni tazameni": ni nane. Hesabu "kumchukua mgeni", ukikumbuka kwamba *m* inayosimama peke yake ni silabi kamili: nane tena. Sasa ukikuta mahali pamoja wameandika "kumcheza foliti" na pengine "kumchezesha foliti", huna haja ya kubishana na mtu. La kwanza lina silabi saba, la pili nane. Mizani inaelekea kwenye "kumchezesha", na tofauti si ndogo: mwanamume anayeitwa Kijiti hakucheza tu, alimwingiza mgeni katika mchezo ambao mgeni hakuujua.

Vina navyo vinasema. Katika ubeti huo mishororo inaishia Kijiti, foliti, maiti. Jina la mtu, jina la mchezo wa watoto wa kukimbizana, halafu maiti. Sauti ni ileile mara tatu, na kila mara jambo linazidi kuwa baya. Mtu anayesoma maneno bila kusikia vina hawezi kuona jinsi wimbo unavyomshika msikilizaji mkono kutoka kwenye mchezo hadi kwenye kifo kwa hatua mbili tu. Kwa hiyo ukishaandika, pigia mstari silabi za mwisho. Mtunzi hodari huweka uzito wake hapo.

Kuna mahali ambapo hata ukisikia sawasawa, sarufi bado inakuachia njia mbili. Katika *Malaika* kuna maneno "hukuwaza kidege". Yanaweza kuwa ya mazoea, yaani kila siku nakuwaza wewe. Yanaweza pia kusomwa kama lawama, yaani wewe hukufikiri. Maandishi ni yaleyale. Usichague kwa kupenda, tazama jirani zake: kabla na baada ya maneno hayo kijana anajilaumu mwenyewe na umaskini wake, hamlaumu msichana hata mara moja. Hivyo njia ya kwanza ndiyo inayokaa vizuri. Ukikuta mwimbaji mwingine ameimba "nakuwaza", hapo umepata shahidi.

Hatua ya 2: Tafuta nani anamwambia nani

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke hata ukiwa na haraka. Chukua kalamu ya rangi nyingine, zungushia duara kila kiwakilishi na kila neno la kumwita mtu: mimi, wewe, yule, wao, bwana, mama, dada, kijana mwenzio. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi, "anakupenda" ni wa yeyote. Kwa hiyo jinsia, umri na heshima utavipata kwenye maneno ya kuitana, si kwenye vitenzi.

Tufanye kazi hii na *Sina Makosa* ya Les Wanyika, bendi iliyojitenga na Simba Wanyika jijini Nairobi mwaka 1978. Gitaa lake linajulikana kuanzia Tanga hadi Kisumu. Unapigwa harusini, bibi na bwana harusi wanauchezea, shangazi wanaukatia kiuno. Wengi wanauita wimbo wa mapenzi, na ukiwauliza zaidi wanasema ni mtu anayesingiziwa.

Sasa zungushia maduara. Anayeambiwa anaitwa "bwana", tena "baba". Basi anayesikia ni mwanamume, na anayesema anamwita kwa heshima ya mtu anayetaka kupoza hasira. Huyo bwana anataka kumdhuru, ndivyo msemaji anavyoona, kwa sababu analalamika kwamba atauawa bure. Halafu linakuja jambo zito: wewe unaye wako nyumbani, nami ninaye wangu nyumbani. Wanaume wawili, wote wana wenza wao. Kisha inatajwa nafsi ya tatu: "yule". Yule si wako, na kwangu mimi pia si wangu. Chuki ya nini kati yetu?

Simama hapo uhesabu watu. Kuna msemaji, kuna bwana mwenye hasira, kuna wenza wawili walioko nyumbani, na kuna yule. Watu watano katika wimbo unaodhaniwa kuwa wa wawili. Yule hana jina wala sauti, na hatujui anamtaka nani. Wenza wa nyumbani nao hawasemi kitu, ingawa wao ndio wenye haki ya kukasirika kuliko wote. Utetezi wa msemaji ukiutazama kwa makini hausemi "sikufanya". Unasema "wewe huna haki ya kunikasirikia, kwa kuwa huyo hakuwa wako pia". Kumbe "sina makosa" ni hoja ya mtu aliyebanwa, anayejitetea kwa kumkumbusha mwenzake kwamba wote wako katika jambo moja. Kwangu mimi huo ndio uzuri wa wimbo: mtunzi ametupa mshtakiwa anayejieleza kwa sauti tamu, akatuachia sisi kuamua.

Angalia kwamba mpaka hapa hatujagusa fumbo hata moja. Maneno yote ni mepesi, mtoto wa darasa la pili anayajua. Maana ilikuwa imekaa kwenye viwakilishi.

Katika hatua hii pia ujizuie kumgeuza "mimi" wa wimbo kuwa mwimbaji. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa *Ndio Mzee*. Anayesema "mimi" humo ni mgombea anayemwaga ahadi zisizowezekana, na umati unaitikia kwa utiifu: ndio mzee. Mtu asiyegundua kwamba msanii amevaa sauti ya mwanasiasa atadhani ni wimbo wa kampeni. Dalili ziko mbili. Kwanza ahadi zenyewe zinapita kiasi. Pili, kiitikio hakibadiliki: ahadi ikiwa ya busara au ya kichaa, jibu ni lilelile. Lawama inawaangukia wanaoitikia sawa na anayeahidi. (Mwaka 2015 msanii huyohuyo alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, na tangu hapo wimbo unasikika na ladha nyingine, lakini hilo ni la hatua ya sita.)

Jambo dogo la mwisho hapa: tazama nyakati za vitenzi. Kijana wa *Malaika* hasemi "nitakuoa". Anasema "ningekuoa". Hiyo *-nge-* imefunga mlango. Mali hana, mahari hawezi, na yote anayoimba ni ya jambo ambalo halitakuwa. Watu wanaoupiga kwenye ndoa wanaupiga kwa uzuri wa sauti. Maneno yake ni ya mtu aliyebaki nje ya ndoa.

Hatua ya 3: Jua neno ni la mtaa gani na la lini

Sasa ndipo unafungua kamusi. Kamusi Kuu ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, iliyotoka mwaka 2015, itakusaidia kwa maneno sanifu. Kwa nyimbo za kale za visiwani utahitaji kujua kwamba "kenda" ni ameenda au akaenda, na "kamrejesha" ni akamrejesha. Lakini kamusi ina mpaka wake. Neno la wimbo mara nyingi lilikuwa na maana ya mtaani kwa miaka michache tu, na maana hiyo haikuingia kitabuni.

Remmy Ongala aliimba *Mambo kwa Soksi*. Mtu akitafuta "soksi" kwenye kamusi atapata vazi la mguu na atashangaa kwa nini Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Soksi hapa ni kondomu. Vilevile *Nchi ya Kitu Kidogo* ya Eric Wainaina, ya mwaka 2001: asiyejua kwamba "kitu kidogo" ni rushwa, kama vile "chai" ilivyo, atadhani Mkenya anaimba habari za udogo wa nchi yake. Wainaina anajua kwamba neno lina sura mbili, ndiyo maana anaongeza kuwa nchi ya kitu kidogo ni nchi ya watu wadogo. Udogo wa pesa unageuka udogo wa utu.

Kiswahili cha mahali nacho kinatoa habari. Samba Mapangala, Mkongo aliyejijengea jina Nairobi na Orchestra Virunga, anaimba kwamba uvunje mifupa kama bado meno iko. Mwalimu wa sarufi atataka "meno yapo". Ukisahihisha utapoteza kitu, kwa sababu "meno iko" ni Kiswahili cha Kongo na cha mitaa ya Nairobi, na kinakuambia wimbo unatoka wapi na unaimbiwa nani: watu waliokutana mjini kutoka kila upande, wanaotaka kufurahia ujana kabla haujapita.

Ukikutana na neno usilolijua kabisa, usilazimishe liwe Kiswahili. *Unbwogable* ya GidiGidi MajiMaji, ya mwaka 2002, imechukua neno la Kidholuo lenye maana ya kutisha, ikalivika mwanzo na mwisho wa Kiingereza: mtu asiyetishika. Uliza msemaji wa lugha husika. Muulize neno lina heshima gani, linasemwa mbele ya nani, si maana yake peke yake. Kwa Lingala ndani ya nyimbo za dansi fanya hivyohivyo, maana vijisehemu vya Lingala mara nyingi ni majina ya watu, salamu kwa wafadhili wa bendi, au kelele za kuchangamsha gitaa, na mtu asiyejua hutafuta falsafa mahali palipo na jina la mtu tu.

Hatua ya 4: Lipasue fumbo, lakini kwa kipimo

Fumbo la nyimbo zetu lina maghala machache linakotoa picha: chakula, ndege, maua na matunda, chombo na bahari, nyumba na ufunguo, nazi na mnazi. Ukikuta mojawapo, jiulize maswali haya kwa mpangilio. Je, mshororo una maana kamili bila kufumbua? Kama hauna, kuna neno gani lisilokaa na wenzake? Je, kuna methali iliyokatwa katikati?

*Muhogo wa Jang'ombe*, ambao wengi tunaujua kwa sauti ya Bi Kidude, unajibu yote matatu. Jang'ombe ni mtaa wa Ng'ambo, Unguja. Muhogo ni muhogo. Lakini mwimbaji anasema hajauramba mwiko. Mwiko ni wa kusongea na kupakulia, na anayeramba mwiko ni aliyeonja chakula kabla hakijaandaliwa. Tena mwiko ni katazo. Maneno ya jikoni yamesimama juu ya maneno ya mwili na ya heshima, na mwanamke wa Unguja anayesikia hahitaji kuelezwa muhogo huo ni nini. Kisha inakuja methali: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali yenyewe inajulikana, maana yake usimdharau utakayemhitaji. Hapa, karibu na muhogo na mwiko, neno "uzazi" linaacha kuwa la methali tu na kurudi mwilini. Mtunzi ameichukua methali ya wote akaiweka mahali ambapo kila neno lake linasikika upya.

Kwa nini nasema kwa kipimo? Kwa sababu ukishaonja utamu wa kufumbua utataka kila muhogo uwe na siri. Nina masharti mawili ninayoyashika. La kwanza, fumbo likubaliwe na beti zote, si ubeti mmoja. Ukisema "ndege" ni mpenzi aliyesafiri, na ubeti wa tatu ndege huyo anafukuzwa shambani kwa mawe, tafsiri yako imeanguka au imepungua. La pili, fumbo lisihitaji mtu ambaye wimbo haukumleta. Ukilazimika kusema "hapa inabidi tufikirie kuna kaka yake ambaye hatajwi", umeanza kutunga wimbo wako mwenyewe.

Kuna pia mchezo wa sauti, ambao haumo katika maghala niliyoyataja. Mwaka 2018 BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania, iliufungia *Mwanza* wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Nyegezi ni eneo halisi la jiji la Mwanza, lakini wimbo uliikata na kuirudia silabi hadi jina la mahali likawa neno la matamanio ya mwili. Hapo hakuna picha, kuna ukataji wa neno. Dalili yake ni mwimbaji kurudia kipande cha neno badala ya neno zima. Ukisikia hivyo, andika kipande kile peke yake ukitazame.

Hatua ya 5: Weka mwaka na tukio

Andika juu ya karatasi yako: umerekodiwa lini, wapi, na watu walikuwa wanazungumza nini mwaka ule.

*Kijiti* bila historia ni wimbo wa kutisha wenye mashaka. Kwa historia ni ripoti ya mahakama. Kisa kinasimuliwa hivi: mwanamke mgeni mjini Unguja, mja mzito, alitoka usiku na wenyeji wake akiwa na mwanamume huyo Kijiti, akauawa. Muuaji akatoroka, na wanawake waliotoa ushahidi ndio walioishia kuadhibiwa. Sasa yarudie maneno ya mwanzo: tazameni, tazameni. Siti hawaaliki watu waje kushangaa. Anawaita washuhudie mahali ambapo sheria ya wakoloni ilikataa kuona. Wanawake wa Ng'ambo ambao hawakuwa na gazeti walikuwa na wimbo huo, na jina la muuaji limedumu ndani yake karibu miaka mia.

Soksi ya Remmy nayo iweke kwenye miaka yake. UKIMWI uligunduliwa Tanzania mwaka 1983 mkoani Kagera, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 hakuna ukoo uliokuwa salama. Mtu kusimama jukwaani akitamka soksi, kwa ucheshi, akiwasihi watu wavae, ulikuwa ujasiri. Msikilizaji wa leo anacheka, ni sawa. Lakini asipojua watu walikuwa wanazikwa kwa wingi kiasi gani, hajasikia wimbo.

Fanya tofauti kati ya mwaka wa kutungwa na mwaka wa rekodi unayoisikiliza. Bi Kidude aliziimba nyimbo za kizazi cha Siti hadi uzeeni, akafariki Aprili 2013. Ukisikiliza rekodi yake ya miaka ya karibuni ukaanza kutafuta siasa za miaka hiyo ndani ya maneno, utachimba mahali pasipo na kitu. *Malaika* nao una fundo: wapo wanaomtaja Fadhili William wa Kenya kuwa mtunzi, wapo wanaomtaja Adam Salim wa Tanzania. Wewe kama msomaji wa maneno huna haja ya kuumaliza ubishi huo, ila usijenge tafsiri juu ya maisha ya mmoja wao kana kwamba ubishi haupo.

Hatua ya 6: Uliza nani anautumia, na kwa nani

Nenda kwenye onyesho la taarab, na usiwatazame waimbaji peke yao. Watazame wanaotoka kwenda kutunza. Mwanamke ananyanyuka, noti mkononi, anakwenda polepole kwa mwendo wa kucheza. Haendi wakati wowote tu. Anangoja mshororo wake. Mshororo ukifika anatoa pesa, na mkono wa pili, au jicho, au bega, linaelekezwa upande fulani wa ukumbi. Aliyeketi upande ule amepata barua. Mtunzi hakumjua, mwimbaji hamjui. Maana ya mshororo huo usiku huo imewekwa na aliyetunza.

Hii ndiyo sababu mtu anayetafsiri mipasho kwa maneno peke yake anapata nusu. Katika miaka ya 1990 Dar es Salaam ilipogawanyika kati ya mashabiki wa vikundi viwili vya taarab, TOT na Muungano, nyimbo zilijibizana, na wimbo wa upande mmoja ulikuwa haueleweki vizuri bila kujua ule uliotangulia wa upande wa pili. Kwa hiyo ukichunguza mpasho, tafuta unajibu nini. Mara nyingi mshororo wa kwanza umechukua neno la mpinzani na kulirudisha.

Wimbo unaweza pia kuhamishwa jumla. *Unbwogable* ulianza kama majigambo ya vijana wawili waliobanwa na maisha. Mwaka huohuo wa 2002 upinzani wa Kenya, chini ya mwavuli wa NARC, uliuchukua ukawa sauti ya kampeni iliyouangusha utawala wa KANU. Maneno hayakubadilika sana, waimbaji walibadilika: badala ya wawili, uwanja mzima. Tanzania mwaka 2017, Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya *Wapo*, kisha Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Wimbo uleule ukatoka kwenye orodha ya hatari ukawa wa kusikilizwa na wote, na msikilizaji makini atajiuliza makali yake yalibaki kiasi gani.

Katika daftari lako tenga safu tatu: maneno yanasema nini, mtunzi alikusudia nini kama amewahi kusema, na watu wanautumiaje. Safu hizo zikigongana usizilazimishe zipatane. *Sina Makosa* harusini ni kweli, na *Sina Makosa* kwenye karatasi ni kweli.

Hatua ya 7: Iandike tafsiri yako na uipime

Andika aya tatu, si zaidi kwa kuanzia. Ya kwanza ieleze nani anamwambia nani na jambo gani limetokea. Ya pili ichukue mishororo miwili au mitatu iliyo migumu na kuifumbua, ukionyesha kwa nini. Ya tatu iseme kuhusu wakati na matumizi. Kwa kila dai weka kidole kwenye mshororo. Dai lisilo na mshororo lifute, hata kama ni tamu.

Kisha mpe mtu mwingine asome huku akisikiliza wimbo. Chagua mtu atakayekukatalia. Akisema "ubeti wa pili haukubali", rudi kwenye ubeti wa pili.

Kuwa mwangalifu na jambo moja linaloumiza watu kweli. Kila wimbo mpya wa kuachana ukitoka, kesho yake kuna orodha ya nani kaimbiwa: mke fulani, mchumba wa zamani, meneja. Kumbuka kwamba katika bendi na vikundi vya taarab anayetunga mara nyingi siye anayeimba, na hata anayetunga mwenyewe hutumia visa vya jirani. Kama msanii hajasema, na maneno hayana jina, usimpachike mtu hai wimbo wa usaliti. Andika "mwanamke aliyemo katika wimbo" na uishie hapo. Huyo yumo, una haki ya kumchambua utakavyo.

Kwa nyimbo za zamani, wakimbilie wazee mapema. Mkute mtu aliyekuwa akienda dansi Magomeni au Mombasa miaka ile, mpigie wimbo kwenye simu, mwache ausikilize hadi mwisho bila kumkatiza. Usimuulize "maana yake nini", atakupa jibu la heshima. Muulize ulikuwa ukipigwa wapi, watu walikuwa wakifanya nini ukianza, na kuna mtu aliyewahi kuondoka ukumbini kwa sababu yake. Omba ruhusa urekodi sauti yake, na katika jina la faili andika tarehe, mahali na jina la wimbo.